Alama Sita za Wikendi: Mwongozo Kamili wa Kufuatilia Hoki ya Vyuo Vikuu Marekani

Kwenye hoki ya barafuni ya vyuo vikuu vya Marekani, mambo hupimwa kwa wikendi. Timu mbili za konferensi moja (kundi la vyuo vyenye ligi yao) hukutana Ijumaa usiku, hulala, kisha hukutana tena Jumamosi, na kati yao ziko alama sita za kugombea. Anayetazama Ijumaa peke yake ni kama mtu aliyeondoka uwanjani wakati wa mapumziko: ameona magoli, hajaona mchezo.

Mwongozo huu unamfaa anayetaka kwenda ukumbini kwa mara ya kwanza, na pia aliyekwishaenda akatoka bila kuelewa kwa nini timu iliyoshinda imepewa alama mbili badala ya tatu. Mifano mingi inatoka Hockey East, konferensi ya kaskazini-mashariki mwa Marekani iliyoanzishwa 1984. Lowell, Massachusetts, una jamii kubwa ya Wakenya, na timu ya chuo kikuu cha mji huo, UMass Lowell, inacheza Tsongas Center, ukumbi wa watu kama 6,000 ulio katikati ya mji. Wengi wanaoupita kila siku wakienda kazini hawajawahi kuingia.

Chagua wikendi, na ujue ni ya aina gani

Ngazi ya juu kabisa ya vyuo kwa wanaume ina konferensi sita: Hockey East, ECAC Hockey, Big Ten, NCHC, CCHA na Atlantic Hockey America. Kila moja hupanga wikendi zake kwa namna yake, na mpangilio ndio utakaoamua utalala wapi na utanunua tiketi ngapi.

Hockey East ina timu 11, na kila timu hucheza mechi 24 za konferensi. Timu zilizo karibu hupenda mtindo wa nyumbani na ugenini: Ijumaa kwako, Jumamosi kwangu. Lowell na Merrimack iliyoko North Andover ni mfano mzuri, kwa kuwa safari ya gari kati ya kumbi hizo mbili haifiki hata nusu saa barabara ikiwa wazi. Walio mbali hawasumbuliwi hivyo. Ukienda kucheza na Maine kule Orono, au Vermont kule Burlington, kwa kawaida unacheza siku zote mbili palepale.

ECAC ina desturi yake ya zamani: vyuo vimepangwa viwili viwili kama wenza wa safari. Cornell na Colgate ni wenza, Harvard na Dartmouth, Yale na Brown, Clarkson na St. Lawrence, RPI na Union, Princeton na Quinnipiac. Timu ikisafiri kwenda pande za Cornell, Ijumaa inacheza na mmoja na Jumamosi na mwenzake. Hapo hesabu ya alama sita inabadilika sura, kwa sababu mpinzani wa usiku wa pili hakuwepo usiku wa kwanza.

Kwa anayeanza, chagua wikendi ya timu mbili zilezile kati ya Novemba na mwanzo wa Machi. Oktoba ina mechi nyingi za nje ya konferensi, ambazo hazigusi msimamo. Mwishoni mwa Desemba wanafunzi wako likizo na ukumbi hupoa. Februari ndiyo tamu kuliko zote: msimamo umebanana, wanafunzi wamerudi, na kila timu inajua inachokitaka.

Kabla ya kulipa chochote, hakikisha mambo matatu kwenye ratiba. Kwanza, mechi iwe ya konferensi. Ratiba nyingi huweka kinyota au alama nyingine pembeni. Pili, ujue ni timu ya wanaume au ya wanawake, maana vyuo kama Boston College na Merrimack vina zote mbili kwa jina moja. Tatu, na hili huwanasa wengi, soma jina la chuo hadi mwisho. UMass ni timu ya Amherst, inacheza Mullins Center. UMass Lowell ni chuo kingine. Zote ziko Hockey East, na kutoka mji mmoja hadi mwingine ni kama saa moja na nusu kwa gari. Ukigundua kosa ukiwa umeshaegesha, mechi imekupita.

Hesabu ya alama, ambayo ndiyo roho ya wikendi

Mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20, na saa husimama kila mchezo unaposimama. Anayeshinda ndani ya dakika hizo 60 anachukua alama 3, aliyeshindwa hapati kitu.

Zikiwa sare, zinachezwa dakika 5 za nyongeza, wachezaji watatu kwa watatu pamoja na makipa, na goli la kwanza linamaliza kazi. Mshindi wa hapo anapata alama 2, aliyeshindwa anapata 1. Zikiisha dakika tano bila goli, mechi ya konferensi huamuliwa kwa penalti: wachezaji watatu kila upande, mmoja mmoja dhidi ya kipa, na wakilingana wanaendelea mmoja mmoja. Mgawo ni uleule, 2 kwa 1.

Sasa angalia wikendi hii ya kufikirika. Ijumaa Lowell inashinda 3–2 katika dakika za nyongeza. Jumamosi Merrimack inashinda 4–1 ndani ya dakika 60. Kila mmoja ameshinda mara moja, na mtu aliyetazama matokeo kwa haraka atasema wamegawana. Hawakugawana. Merrimack imeondoka na alama 4 (moja ya Ijumaa na tatu za Jumamosi), Lowell na 2.

Ndiyo maana kocha aliye sare dakika ya 57 Ijumaa huanza kupiga hesabu. Kuipeleka mechi kwenye nyongeza ni alama moja mkononi. Mwenye shida ya alama hujitosa kutafuta goli, aliye juu hurudi nyuma akatulia. Ukiona timu ya nyumbani imeacha kukimbiza kisahani, ambacho hapa ndicho mpira wenyewe, zikiwa zimebaki dakika mbili, fungua msimamo kwenye simu kabla ya kuwaita waoga.

Msimamo wenyewe una mtego. Penalti hutoa alama ya ziada kwenye konferensi tu. Kwenye rekodi rasmi ya kitaifa mechi hiyo inabaki sare. Kwa hiyo timu inaweza kuonekana imeshinda 12, imeshindwa 8, sare 4, na alama zake zisilingane na hesabu yoyote utakayoipiga kichwani. Fanya hivi: zidisha ushindi wote mara 3, toa idadi ya ushindi uliopatikana katika nyongeza, ongeza idadi ya vipigo vya nyongeza, ongeza sare zote, kisha ongeza sare ilizoshinda kwa penalti. Kama kati ya ushindi 12 kuna 2 wa nyongeza, kati ya vipigo 8 kuna 3 vya nyongeza, na kati ya sare 4 imeshinda penalti mara 1, unapata 36 − 2 + 3 + 4 + 1, yaani 42.

Na usichanganye safu mbili za rekodi. Moja ni ya konferensi, nyingine ni ya msimu mzima. Wachambuzi wa vijiweni hukosea hapa kila wiki.

Tiketi, kiti, nguo na njia

Wikendi ya nyumbani na ugenini ina tiketi mbili za kumbi mbili, na zinauzwa na vyuo viwili tofauti. Anza na ukumbi mdogo. Lawler Rink ya Merrimack haichukui hata watu 3,000, kwa hiyo huwahi kujaa kuliko Tsongas. Tiketi nyingi siku hizi ziko kwenye simu. Zipakue ukiwa nyumbani, kwa sababu mtandao mlangoni huzidiwa watu wanapofika kwa pamoja. Mwanafunzi wa chuo husika aulizie mgao wa wanafunzi kabla ya kununua ya bei kamili. Soma pia kanuni za mifuko: kumbi nyingi hazipokei begi la mgongoni.

Kiti kizuri cha kujifunzia kiko juu, karibu na kona. Safu za chini kwenye kioo zina kelele na msisimko, lakini kisahani kikienda upande wa pili unaona migongo tu. Panda kama safu ya kumi hadi ya kumi na tano. Upande upi? Timu kwa kawaida hulinda goli lililo karibu na benchi lake katika kipindi cha kwanza na cha tatu. Hivyo, ukijua benchi la wenyeji liko wapi kwenye ramani ya viti, kaa mwisho ulio mbali nalo: hapo wenyeji watashambulia mara mbili. Ukitaka bendi ya chuo na nyimbo, kaa karibu na wanafunzi. Ukitaka mtoto alale, kaa mbali nao.

Kisahani ni cha mpira mgumu, kipenyo sentimita 7.6, unene sentimita 2.5, uzito kama gramu 170, na hugandishwa kabla ya mechi ili kisirukeruke. Nyuma ya magoli kuna wavu wa kukinga, pembeni mara nyingi ni kioo tu. Kikiruka juu ya kioo, kitazame kwanza, simu baadaye.

Ndani ya ukumbi ni baridi, kwa kawaida kati ya nyuzi 10 na 15, na saa mbili na nusu za kukaa hukufanya uihisi zaidi kuliko kipimo kinavyosema. Vaa nguo ya ndani ya joto, sweta, na koti unaloweza kulivua. Miguu ndiyo huanza kuumia kwa sababu sakafu ni ya zege: soksi nene na viatu vya soli nzito. Nje, Januari ya Orono au Burlington, nyuzi −15 si jambo la ajabu, kwa hiyo kofia na glavu zibaki mfukoni hata kama ukumbi una joto.

Kutoka Boston kwenda Lowell kuna treni ya Lowell Line inayotoka North Station. Tatizo ni kurudi: tazama treni ya mwisho kabla hujaondoka, ukikumbuka kuwa dakika za nyongeza na penalti huongeza muda. Mwenye gari aangalie matangazo ya theluji. Miji mingi ya Massachusetts hupiga marufuku kuegesha barabarani usiku wa dharura ya theluji, na gari linavutwa bila huruma.

Ijumaa: fika mapema, uandike

Milango mara nyingi hufunguliwa saa moja kabla ya mechi. Fika wakati huo, wachezaji wakipasha moto, kwa kuwa ndipo utakapowaona wakiwa kwenye safu zao. Kila timu huvalisha wachezaji 19 wa kuteleza pamoja na makipa. Hesabu ni safu nne za washambuliaji watatu watatu, jozi tatu za mabeki, na mmoja wa ziada. Katika mazoezi hayo wanaocheza pamoja huteleza pamoja. Andika namba zao kwenye daftari, safu ya kwanza hadi ya nne. Bila orodha hii Jumamosi utatazama lakini hutaona mabadiliko.

Hakuna haja ya kuandika kila kitu. Kwa kila goli andika dakika, namba ya mfungaji, safu iliyokuwa barafuni kwa pande zote, na hali: watano kwa watano, watano kwa wanne, au goli tupu, yaani lisilo na kipa. Kwa kila adhabu andika namba, kosa na dakika. Ukurasa mmoja kwa kipindi unatosha.

Zamu moja barafuni ni sekunde 40 hadi 50. Mgeni wa mchezo huu hudhani kocha anachezea watu, kumbe mtu aliyekimbia kwa nguvu zote dakika moja na nusu hawezi tena kumzuia yeyote. Ukiona watano walewale wamebanwa kwenye eneo lao bila kutoka, tazama saa. Baada ya dakika moja goli linanukia.

Sheria chache zinazoamua wikendi

Kuotea hapa hutegemea mstari wa bluu: mshambuliaji asiuvuke kuingia eneo la wapinzani kabla ya kisahani. Ukijua mpira wa miguu utalizoea upesi.

Kubutua kisahani kutoka nusu yako hadi kivuke mstari wa goli wa wapinzani bila kuguswa ni kosa, linaitwa aisingi. Kisahani kinarudishwa kwako na waliobutua hawaruhusiwi kubadilisha wachezaji. Hilo la pili ndilo lenye madhara. Wachovu walewale watano wanabaki, wapinzani wanaingiza wapya. Magoli mengi hufungwa sekunde kumi baada ya hapo.

Adhabu ndogo ni dakika 2 kwenye kibanda, timu ikicheza pungufu, na inaisha mapema wapinzani wakifunga. Adhabu kubwa ni dakika 5 na haiishi hata wakifunga magoli matatu. Mwamuzi akiinua mkono na mchezo ukaendelea, kuna adhabu inayosubiri. Ndiyo sababu kipa wa timu iliyochezewa rafu anakimbilia benchi ili aingie mshambuliaji wa sita. Hana wasiwasi, kwa kuwa wapinzani wakikigusa tu na kukimiliki kisahani, filimbi inapulizwa.

Kupigana ngumi, ambako kwenye ligi ya kulipwa huonekana kama sehemu ya burudani, vyuoni hugharimu wikendi. Mchezaji hutolewa na kufungiwa mechi inayofuata, na akirudia msimu huohuo adhabu inapanda. Anayerusha ngumi Ijumaa anatazama Jumamosi akiwa na suti. Hii si sawa na kutolewa kwa utovu wa nidhamu bila kufungiwa, ambako humaliza mechi ya siku hiyo tu. Sikiliza tangazo la ukumbini kwa makini, au soma ripoti ya mechi, ujue ni ipi kati ya hizo mbili.

Halafu kuna haki ya kubadilisha mwisho, ambayo watazamaji wengi hawajawahi kuisikia. Mchezo ukisimama, wageni huweka wachezaji wao kwanza, wenyeji wanawatazama, kisha wanachagua wao. Kocha wa nyumbani anaweza kuipeleka jozi yake bora ya mabeki dhidi ya safu hatari ya wageni kila mara. Wikendi ikiwa ya nyumbani na ugenini, haki hiyo inahama Jumamosi. Mshambuliaji aliyezimwa kabisa na mabeki Ijumaa ugenini anaweza kupumua Jumamosi akiwa kwao, bila yeye kubadilika hata kidogo.

Mwisho, kipindi cha pili. Timu zinabadilishana magoli, na benchi linakuwa mbali na eneo la kujilinda. Beki aliyechoka inabidi avuke katikati ya uwanja ili apumzike. Makosa ya kubadilishana huongezeka, mashambulizi ya wawili kwa mmoja yanakuja. Usiende kununua soda kipindi hicho. Mapumziko ya dakika 15 yapo, ingawa foleni nayo ipo; toka dakika ya 19 kama hakuna adhabu, au subiri mashine ya Zamboni ianze kulainisha barafu, watu wapungue.

Usiku wa Ijumaa: soma ripoti

Ukirudi, fungua ripoti ya mechi kwenye tovuti ya chuo. Usianze na matokeo. Anza na magoli ya watano kwa watano peke yake, kwa sababu hayo ndiyo yanayosema nani alicheza vizuri zaidi. Timu iliyofunga matatu, yote ikiwa na mtu wa ziada, inategemea waamuzi wawe wakali tena kesho, na mara nyingi hawawi.

Ondoa magoli tupu. Timu iliyo nyuma hutoa kipa dakika mbili tatu za mwisho ili kuongeza mshambuliaji, na inapigwa goli kutoka mbali. Herufi EN kwenye ripoti ndizo zinazoonyesha. Mechi ya 4–1 yenye mawili ya hivyo ilikuwa 2–1 hadi dakika ya 58, na timu hizo zinalingana kuliko ubao ulivyosema.

Kisha mtazame kipa. Aliyezuia 28 kati ya mashuti 30 ana .933, ambayo ni kazi nzuri sana. Kama timu yake ilishinda kwa namba hiyo huku ikipigwa mashuti mara mbili ya iliyopiga, Jumamosi weka shaka: kipa kaficha tatizo la mabeki.

Andika maswali matatu tu ya kesho. Kwa mfano: safu ya nani ilimzidi nani? Nani amefungiwa? Kipa yupi ataanza?

Jumamosi: ukumbi sahihi, macho mapya

Thibitisha tena mahali na saa. Mechi ya Jumamosi haianzi lazima saa ileile ya Ijumaa, na katika wikendi ya nyumbani na ugenini kila mara kuna mtu anayekuta ukumbi wa jana uko giza.

Wakati wa kupasha moto, linganisha na daftari lako. Kocha aliyeshindwa Ijumaa karibu kila mara huhamisha mtu mmoja au wawili kati ya safu. Angalia nani kapandishwa safu ya kwanza na nani kakosekana kabisa. Kuhusu kipa, timu zina shule mbili: nyingine humchezesha mmoja siku zote mbili, nyingine hugawa. Kipa wa pili akianza katika timu isiyogawa, kocha ametuma ujumbe.

Dakika kumi za kwanza Jumamosi zinasema mengi. Wachezaji wamezoeana, chuki ndogo za jana zimebaki, na waamuzi hujaribu kuzizima mapema kwa adhabu. Hesabu aisingi za kila timu. Inayobutua mara kwa mara mapema imechoka miguu, hasa kama Ijumaa ilienda hadi nyongeza au safu yake ya nne haikuchezeshwa. Kocha aliyetumia safu tatu tu Ijumaa ili aokoe mechi hulipa deni kipindi cha tatu cha Jumamosi. Hili ndilo jambo tunalopenda kulitazama kuliko mengine yote, na halionekani kwenye takwimu yoyote ya usiku mmoja.

Filimbi ya mwisho ikilia, jaza: alama ngapi kati ya sita, na msimamo ulivyosogea. Sita ni wikendi kamili. Nne ni nzuri, hasa ugenini. Tatu kwa tatu haimuudhi mtu. Chini ya hapo, nyumbani, kuna maswali.

Ukiwa Nairobi, Dar, Bujumbura au Muscat

Haki za matangazo zimegawanywa kwa konferensi. Hockey East na ECAC ziko kwenye huduma ya mtandaoni ya ESPN, Big Ten ina chaneli yake, NCHC ina huduma yake ya mtandaoni. Kabla ya kulipia chochote, hakikisha huduma hiyo inafunguka nchi uliko. Ikigoma, ripoti ya moja kwa moja kwenye tovuti ya chuo hufanya kazi popote, na kwa daftari lako inatosha.

Saa ndizo zinazokosewa zaidi. Mechi ya Ijumaa saa 1 usiku huko Massachusetts, wakati wa baridi, ni saa 9 usiku wa kuamkia Jumamosi kwa Nairobi na Dar es Salaam, saa 8 kwa Bujumbura, Kigali na Goma, na saa 10 alfajiri kwa Muscat. Mechi ya saa hiyohiyo kule Grand Forks, North Dakota, inasogea mbele saa moja. Ya Denver, saa mbili. Marekani hubadilisha saa Jumapili ya kwanza ya Novemba na Jumapili ya pili ya Machi, kwa hiyo Oktoba yote, na tena kuanzia katikati ya Machi, kila kitu kinakuja saa moja mapema. Wanaotegea kengele kwa mazoea ya Februari hukuta kipindi cha kwanza kimeisha.

Aliyeuona uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, ambako Ice Lions, timu ya hoki ya barafuni ya Kenya, hujifunzia, azidishe ukubwa kichwani. Uwanja kamili ni futi 200 kwa 85, na nafasi hiyo ndiyo inayofanya pasi ndefu na mabadiliko ya safu kuwa na maana.

Alama hizo zinaenda wapi

Msimu wa kawaida ukiisha, timu zote 11 za Hockey East huingia mchujo. Tano za juu hupumzika raundi ya kwanza, sita zilizobaki hukutana kwa mechi moja moja, na nne bora huandaa robo fainali nyumbani. Nusu fainali na fainali huchezwa TD Garden, Boston. Katika mchujo hakuna watatu kwa watatu wala penalti: sare huenda vipindi vya dakika 20, watano kwa watano, hadi goli lipatikane. Kwa hiyo alama moja iliyookolewa Ijumaa ya Novemba inaweza kuwa tofauti ya kumaliza wa nne au wa tano, yaani kucheza kwenu au kusafiri.

Kitaifa, timu 16 huingia mashindano ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani: mabingwa sita wa konferensi na kumi zinazochaguliwa kwa vipimo. Tangu msimu wa 2025–26 kipimo hicho ni NPI, kilichochukua nafasi ya PairWise. Kinapima ushindi pamoja na ubora wa mpinzani, na ushindi wa nyongeza hauhesabiwi kuwa kamili. Mwaka 2025 Western Michigan, timu ya NCHC, iliifunga Boston University ya Hockey East 6–2 mjini St. Louis na kuchukua ubingwa. Ukitaka kufuatilia mbio hizo, tazama NPI Jumapili asubuhi, matokeo yote ya wikendi yakiwa yameingia. Ya Ijumaa usiku hubadilika kabla hujamaliza kuisoma.